Silidi ya Magic Kigoma: Kutoka Pakiti Sita hadi Deki ya Karata 40

Katika silidi, yaani mashindano ya pakiti zilizofungwa, hakuna anayekuja na deki (fungu la karata za kuchezea) aliyoiandaa nyumbani. Kila mchezaji wa Magic: The Gathering, mchezo wa karata wa kupambana kwa viumbe na uchawi, anapewa pakiti 6 ambazo hazijafunguliwa, anazipasua hapo hapo mezani, na kwa kilichotoka humo anaunda deki isiyopungua karata 40. Mwenye kabati zima la karata na asiye na hata moja wanaanza sawa, na kwa Kigoma, ambako mzigo wa karata unasafiri mbali kabla ya kufika, huo ndio mtindo unaotufaa kuliko mingine yote. Lakini usawa huo unaishia kwenye kupasua pakiti. Mechi nyingi za silidi huamuliwa katika ile saa moja ya kuunda deki, na hapo ndipo mwongozo huu utakapokaa zaidi.

Maandalizi: pakiti, ardhi na ukumbi

Mwandaaji aanze na hesabu ya sanduku. Masanduku ya 2024 yalikuja na pakiti 36, yaani watu 6 kamili. Kuanzia toleo la Aetherdrift la 2025, sanduku lina pakiti 30, linalotosha watu 5. Soma lebo kabla ya kulipa, maana ukiandikisha watu 12 kwa masanduku mawili ya pakiti 30, wawili watarudi nyumbani. Na hapo bado hujahesabu pakiti za zawadi.

Jambo linalosahaulika ni karata za ardhi za kawaida, zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia bei ya karata nyingine: Plains (nyeupe), Island (bluu), Swamp (nyeusi), Mountain (nyekundu) na Forest (kijani). Pakiti hazina za kutosha. Watu 8 wakitumia ardhi 17 kila mmoja ni ardhi 136, lakini hazigawanyiki sawa kwa rangi. Andaa 40 za kila aina, jumla 200, kila aina kwenye kiboksi chake. Bila hivyo wachezaji wanne wa kijani wataanza kugombania Forest.

Mweleze mwenye ukumbi mapema kwamba hakuna kamari. Watu wengi wakiona karata mezani wanafikiria pesa, na ni haki yao kuuliza. Mpe jibu la kweli: sheria za mashindano ya Magic zinakataza kuwekeana dau, na zawadi ni pakiti.

Watu 5 hadi 8 hucheza raundi 3, na 9 hadi 16 raundi 4, kwa mfumo wa Uswisi: hakuna anayetolewa, kila raundi unapangiwa mtu mwenye pointi zinazokaribiana na zako. Mkianza saa 4 asubuhi mkiwa watu 8, mtamaliza kama saa 9 alasiri pamoja na muda wa kula. Jua la Kigoma huzama karibu saa 1 jioni, kwa hiyo hata umeme ukikatika mwanga wa dirishani unatosha. Ratiba inaweza kuendeshwa kwa programu ya Companion kwenye simu, ila uwe na daftari pembeni la kuandika nani kacheza na nani, na matokeo. Mtandao ukiyumba katikati ya raundi ya pili, daftari ndilo litakalookoa siku.

Mchezaji aje na vitu hivi: mifuko ya plastiki ya karata isiyopungua 50 (40 za kutumia, 10 za akiba), yote ya rangi na aina moja, kalamu na karatasi ya kuandikia uhai, kwa kuwa kila mmoja anaanza na pointi 20, dadu mbili tatu, na kitambaa cha kutandika. Kitenge kinatosha kabisa. Karata zilizo kwenye plastiki huteleza kwenye meza ya mbao, na mkicheza barazani upepo wa ziwani utazipeperusha. Ukila migebuka au chochote chenye mawese wakati wa mapumziko, nawa kwa sabuni. Doa la mafuta nyuma ya karata moja linaifanya itambulike ikiwa bado juu ya deki, na karata inayotambulika ni tatizo la sheria za mchezo, si la usafi tu.

Hatua ya 1: Pasua na uhesabu

Pakiti ya sasa ina karata 14 za kuchezea na moja ya ziada ambayo ni tokeni (karata ya kuwakilisha kiumbe anayeundwa mchezoni), picha au tangazo. Pakiti 6 zinakupa karata 84. Hesabu kabla ya kufanya lolote. Ikipungua au kuzidi, mwite mwamuzi wakati huo huo, maana baada ya dakika kumi hakuna atakayeweza kuthibitisha kitu. Weka karata zako binafsi kwenye begi na begi chini ya meza.

Hatua ya 2: Panga kwa rangi, kisha tupa

Tengeneza mafungu: nyeupe, bluu, nyeusi, nyekundu, kijani, rangi mchanganyiko, vifaa visivyo na rangi, na ardhi maalumu. Sasa pitia kila fungu na uondoe karata ambazo usingependa kuzilamba (kuzichukua kutoka juu ya deki) siku yoyote. Mifano ni ileile kila toleo: karata inayokuongezea uhai tu bila kugusa meza, karata inayohitaji nyingine tatu ndiyo ifanye kazi, na kiumbe wa bei kubwa mwenye mwili mdogo. Kuwa mkali. Kilichobaki ndicho mzigo wako halisi.

Unatafuta karata 23, na kwa kawaida zitoke kwenye rangi mbili.

Hatua ya 3: Chagua rangi kwa kina, si kwa bomu

Kina ni wingi wa karata nzuri katika rangi, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Chukua mfano huu: kijani ina karata nzuri 11, nyekundu 8 zikiwemo 3 za kuua viumbe, vifaa visivyo na rangi 3, na nyeusi 5 tu, lakini moja ni bomu, karata adimu yenye nguvu ya kumaliza mchezo peke yake. Mkono unavutwa kwenye nyeusi. Hesabu kwanza. Kijani, nyekundu na vifaa ni 22, inakosekana moja. Kijani, nyeusi na vifaa ni 19, na zile nne za kujazia zitatoka kwenye fungu ulilotupa dakika tano zilizopita.

Ile karata moja utaiona mara ngapi? Deki ya karata 40, ukiwa wa pili kucheza, hadi zamu yako ya nane umeona karata 15. Nafasi ya bomu kuwemo ni asilimia 37.5. Michezo sita kati ya kumi utacheza na zile karata dhaifu, na bomu liko chini ya deki. Kina cha rangi unakihisi kila zamu.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu unapopima rangi: kwanza zina karata nzuri ngapi, pili za kuua ngapi, tatu viumbe wanaoruka au wasiozuilika kirahisi, na karata adimu ije kuamua pale ambapo rangi mbili zimelingana.

Hatua ya 4: Zitandaze kwa bei

Weka karata 23 mezani kwa safu, kila safu bei yake ya mana. Umbo linalofaa mizigo mingi ni hili: bei 1, karata moja, bei 2, sita, bei 3, tano, bei 4, tano, bei 5, nne, bei 6 na kuendelea, mbili. Viumbe wawe 15 hadi 17, zilizobaki ziwe za kuua na za kusaidia.

Safu ya bei 2 ndiyo ya kuitazama kwa jicho kali. Ukiwa na tatu tu, mpinzani atakuwa na viumbe wawili mezani wewe ukiwa hujaweka kitu, na zile karata za bei 5 utakazoziweka baadaye zitatumika kuzuia badala ya kushambulia. Kiumbe wa kawaida wa 2/2 (nguvu 2, ustahimilivu 2) wa bei 2 ana thamani kuliko kiumbe wa tatu wa bei 6. Ukiona safu ya 5 na 6 imejaa, toa moja hata kama inakuuma.

Usizidishe karata 40. Ukiwa na 45 kwa sababu umeshindwa kuacha tano, umepunguza nafasi ya kulamba kila karata nzuri uliyonayo.

Hatua ya 5: Ardhi

Anza na 17. Ukiwa na ardhi 17 kati ya karata 40, mkono wa kwanza wa karata 7 utakuwa na ardhi 2 hadi 4 kwa takriban asilimia 79. Mkono wa ardhi 0 au 1 hutokea kama asilimia 10.5, na wa 5 au zaidi asilimia 10. Namba hizi hazidanganyi, kwa hiyo ukikwama mchezo mmoja usikimbilie kuongeza ardhi ya kumi na nane. Nenda 16 kama bei zako karibu zote ni 3 kushuka chini, na 18 kama una karata nyingi za bei 6 zinazostahili kusubiriwa.

Kugawa kwa rangi, hesabu alama za mana kwenye karata zote 23. Tuseme kijani ni alama 14 na nyekundu 10, jumla 24. Kumi na saba mara 14 gawa kwa 24 ni karibu 10, hivyo Forest 10 na Mountain 7. Kisha tazama safu ya bei 2: kama wengi wao ni wekundu, badili iwe 9 na 8, kwa sababu rangi unayoihitaji mapema ndiyo inayokwamisha. Rangi kuu ya pili isishuke chini ya 7.

Rangi ya tatu? Karata moja au mbili tu, za bei kubwa, zenye alama moja ya rangi hiyo, na ziwe za kushinda au za kuua. Weka vyanzo 3 vya mana yake. Vyanzo 3 vinakupa takriban asilimia 70 ya kuwa umeona kimoja ndani ya karata 13 za kwanza. Vyanzo 2 vinakupa 55. Ile karata nyeusi kwenye mfano wetu, ikiwa na alama tatu nyeusi, haiingii kabisa.

Hatua ya 6: Ijaribu kabla muda haujaisha

Acha dakika kumi za mwisho. Ivalishe deki mifuko, hesabu hadi 40, changa, lamba saba, kisha cheza peke yako zamu nne tano. Rudia. Unatafuta dalili: karata fulani inabaki mkononi kila mara, au rangi moja inachelewa. Rekebisha sasa.

Hatua ya 7: Mezani

Msalimie mpinzani kama inavyostahili, akiwa mkubwa kwako shikamoo yake haipunguzi ushindani. Changa kwa kuchomeka nusu moja ndani ya nyingine, angalau mara saba, kisha mpe naye achange au akate. Kugawa karata kwenye mafungu mezani ni njia ya kuhesabu, si kuchanga, na inaruhusiwa mara moja tu mwanzo wa mchezo. Kupachika ardhi katikati ya kila karata mbili na kuishia hapo ni udanganyifu.

Mkono wa ardhi 2 unahitaji akili. Ukianza wewe, nafasi ya kupata ardhi ya tatu kufikia zamu ya tatu ni asilimia 71. Akianza mwenzako ni 85. Kwa hiyo mkono uleule wenye karata za bei 2 unaweza kuubakiza ukiwa wa pili, na kuukataa ukiwa wa kwanza. Ukikataa, unalamba saba mpya na kuweka moja chini ya deki. Mkono wa ardhi 1 kataa bila kujadili.

Karata nyingi ni za Kiingereza. Usipoelewa, omba kuisoma, au mwite mwamuzi akueleze. Ni haki yako na muda unaongezwa ikibidi. Tangaza kwa sauti kila unachofanya: umelaza ardhi ipi (kuigeuza ubavu ili itoe mana), nani anashambulia, zamu imeisha. Ugomvi mwingi mezani hutokana na ukimya.

Mechi ni kushinda michezo miwili kati ya mitatu ndani ya dakika 50. Muda ukiisha, zamu iliyopo inamalizwa kisha zinaongezwa 5. Ushindi ni pointi 3, sare 1, na sare hizo nyingi huletwa na watu wanaowaza kwa dakika nzima kila zamu.

Kati ya mchezo na mchezo, karata zote ulizoziacha nje ni akiba yako. Mpinzani ana viumbe watano wanaoruka? Ingiza yule mwenye uwezo wa kuwafikia uliyemwacha. Unaweza hata kubadili rangi nzima. Kwenye mashindano yenye usimamizi mkali lazima urudishe deki ya awali kabla ya mechi inayofuata.

Na jambo moja lenye adhabu nzito: usimwambie mpinzani akuachie ushindi umpe pakiti, wala usikubali ukiambiwa. Hata ikisemwa kwa upole na mtu mnayefahamiana, hiyo ni rushwa na wote wawili mnaweza kuondolewa kwenye mashindano. Pia msiamue mshindi kwa kurusha sarafu au dadu.

Mkishamaliza, nyote wawili mhakikishe matokeo yameandikwa sawa, kisha toa ardhi za mwandaaji kwenye mifuko yako na uzirudishe kila moja kwenye kiboksi chake. Karata zilizotoka kwenye pakiti zako 6 ni mali yako.