Kuwashirikisha Wanafunzi Katika Afya ya Shule, Hatua kwa Hatua

Kumpa mwanafunzi bango alibebe siku ya afya bado si kumshirikisha. Mtafiti Roger Hart, katika ngazi ya ushiriki wa watoto (mchoro unaopanga viwango vya kushirikishwa kuanzia chini hadi juu) iliyochapishwa na UNICEF mwaka 1992, aliweka shughuli za namna hiyo kwenye vidato vya chini kabisa. Na Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inataka maoni ya mtoto yapewe uzito, yaani yawe na nafasi ya kubadilisha uamuzi.

Hatua ya 1: Kubalianeni na uongozi kwanza. Wanafunzi wataamua nini? Kuna fedha kiasi gani? Lipi haligusiki? Majibu yaandikwe, kisha wanafunzi waambiwe vivyo hivyo bila kufichwa. Mkuu wa shule asipokuwa tayari kuachia hata uamuzi mmoja, subirini. Kuwauliza watoto halafu kuwapuuza huwafunga midomo kwa muda mrefu.

Hatua ya 2: Undeni kikundi. Wanafunzi 8 hadi 12 wanatosha. Msijaze viranja na wanaofaulu tu. Mtafuteni pia anayekaa peke yake wakati wa mapumziko, mwenye ulemavu, mchelewaji wa kila siku.

Hatua ya 3: Waizunguke shule. Hapa msiwe na haraka. Wapeni ramani ya shule iliyochorwa kwa mkono: kijani wanapojisikia salama, nyekundu wanapopakwepa. Vyooni wakague kwa macho yao wenyewe: komeo linafunga? Sabuni ipo? Kuna pipa lenye kifuniko la taulo za kike? Wahesabu na matundu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2009 unapendekeza tundu 1 kwa wasichana 25, na kwa wavulana 50 tundu 1 pamoja na sehemu ya kukojolea. Vyoo vya wasichana vikaguliwe na wasichana wenyewe, pamoja na mwalimu wa kike.

Tahadhari: wasiwahoji wenzao kuhusu ukatili, msongo au mambo ya nyumbani. Huo ni mzigo wa mtu mzima. Kabla ya kuanza, kila mmoja ajue ni mwalimu gani wa kumwendea siku hiyo hiyo akisikia jambo zito.

Hatua ya 4: Wachague jambo moja na kuchimba chanzo chake. Tuseme wamegundua wenzao hawanywi maji mchana. Kwa nini? Wanaogopa kwenda chooni. Kwa nini? Milango haifungi. Basi kinachohitajika ni makomeo, na bango la kuhimiza kunywa maji lisingesaidia kitu. Mimi huipenda sana hatua hii, maana mara nyingi watoto hukifikia chanzo kabla yetu.

Hatua ya 5: Watekeleze, kisha wapime. Kabla ya kutekeleza wawaulize wenzao swali moja kuhusu jambo hilo, kisha warudie swali lile lile, kwa madarasa yale yale, mwisho wa muhula.

Hatua ya 6: Rudisheni majibu. Ndani ya wiki 2 kila pendekezo lijibiwe mbele ya shule nzima: limekubaliwa, linasubiri, au limekataliwa kwa sababu hii. Hata "hapana" yenye sababu hujenga imani. Kinachoivunja ni ukimya.

Mwaka ukiisha, nusu ya kikundi ibaki ili iwafundishe wajumbe wapya kazi.