Namna ya kunogewa na riwaya ya Kiingereza

Kwa wasomaji wengi wa Mtwara na Lindi, Kiingereza ni lugha ya tatu: nyumbani Kimakonde au Kimwera, shule ya msingi masomo kwa Kiswahili, kwa Kiingereza kuanzia sekondari. Mara nyingi kinachowaharibia utamu wa riwaya ni kamusi, kuliko hata uchache wa msamiati.

1. Kipime kwanza

Fungua kitabu katikati, maana ukurasa wa kwanza hudanganya. Hesabu maneno 100, kama mistari kumi, ukikunja kidole kwa kila neno geni. Vidole viwili, kichukue. Vitano, labda kama habari yenyewe unaifahamu. Zaidi ya hapo, kirudishe. Utafiti wa wataalamu wa lugha Hu na Nation wa mwaka 2000 ulikuta kwamba wasomaji wengi huhitaji kujua takriban maneno 98 kati ya 100 ili waifuate hadithi bila msaada. Vitabu vilivyorahisishwa kwa wanaojifunza lugha si vya watoto. Vingi vina kiwango chake kwenye jalada.

2. Kikao cha kwanza kiwe kirefu

Kurasa 20 kwa mkupuo. Ukisoma tatu leo na tatu keshokutwa, kila siku utakuwa unaanza upya. Andika wahusika kwenye kikaratasi: nani mke wa nani, nani anamdai nani. Kikae humo humo kitabuni.

Mchana wa Novemba, kwa joto letu, hausomeki. Alfajiri baada ya swala ndiyo yenyewe. Na msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, chukua hadithi fupi, riwaya nene isubiri. Simu ibaki chumba kingine pamoja na kamusi iliyomo: unaingia kutafuta neno, unatokea WhatsApp.

3. Neno geni: penseli

Weka nukta pembeni, endelea. Mtu kaufungua mlango kwa kitenzi usichokijua, katoka, hakuaga: kakasirika huyo, yatosha. Mwisho wa sura tafuta maneno matano tu, yale yanayojirudia.

Ya kutafuta papo hapo ni vineno vinavyopindua maana, kama *unless* na *hardly*. Hatari zaidi ni maneno unayodhani unayajua. *Give up* ukiifasiri neno kwa neno, mhusika aliyekata tamaa utamwona anatoa kitu. Sentensi ikiwa na maneno mepesi matupu lakini haina kichwa wala miguu, shuku hapo.

4. Ukikwama

Dalili yake: umemaliza aya, hujui imesema nini. Wengi hupunguza mwendo na ndipo wanapozidi kupotea, maana wakifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshawatoka. Ongeza mwendo, au soma nusu ukurasa kwa sauti. Kurasa 50 zikipita bila kunoga, achana nacho.

Kikinoga, kinachofuata kiwe cha mwandishi huyohuyo: maneno anayoyapenda umeshayazoea, na sura ya kwanza haitakusumbua tena vile.