Jinsi ya kusoma hukumu ya ukiritimba wa simu

Anzia mwisho. Kesi ya ushindani wa kibiashara hujaa kurasa za madai, utetezi na mashahidi wanaopingana, lakini kinachomfunga mtu ni amri zilizo kwenye kurasa za mwisho. Zinakili kwanza: nani afanye nini, kabla ya lini, alipe kiasi gani. Ndipo urudi mwanzo.

Kisha angalia kama jaji aliamua, au wenye kesi walipatana. Hapa ndipo wengi hujikwaa kwenye kesi ya AT&T, kampuni kubwa ya simu ya Marekani, wakidai mahakama iliikuta kampuni na hatia ikaivunja. Sivyo. Serikali ilifungua kesi Novemba 1974, mashahidi wakaanza kusikilizwa 1981, na Januari 8, 1982 pande mbili zikaafikiana kabla ya hukumu. Kazi ya Jaji Harold Greene ilikuwa kupima kama maafikiano yana manufaa kwa umma. Wala hakupiga muhuri tu: alidai, kwa mfano, kampuni za simu za mikoani zilizokuwa zikitenganishwa na AT&T zibaki na biashara ya Yellow Pages (kitabu cha namba na matangazo ya biashara), maana mapato yake yalisaidia kupunguza makali ya bei ya simu za nyumbani. Kampuni hizo 22 ziliwekwa chini ya kampuni mama 7 kuanzia Januari 1, 1984. AT&T ikabaki na simu za masafa marefu, kiwanda cha Western Electric na maabara za Bell.

Ukiifungua kesi hiyo (552 F. Supp. 131, yaani juzuu ya 552 ya mkusanyo wa hukumu uitwao Federal Supplement, ukurasa wa 131), tenganisha maelezo ya jaji na amri yenyewe. Ndani ya amri usipite haraka kwenye kipengele cha kuunganisha mitandao: kila kampuni ya masafa marefu ipewe muunganisho wa aina, ubora na bei sawa na ile ya AT&T. Kugawa kampuni bila sharti hilo kungeacha mlango umefungwa vilevile. Na ukishangaa kwa nini amri inaitwa marekebisho, ni kwa sababu ilirekebisha amri ya 1956 iliyoihusu kampuni hiyohiyo.

Kwa Uganda, usipoteze siku ukitafuta hukumu iliyovunja UPTC, shirika la umma la posta na simu. Haipo. Shirika hilo liligawanywa kwa sheria ya mawasiliano ya 1997, simu zikaenda Uganda Telecom, barua zikaenda Posta Uganda na akiba zikaenda PostBank. Mahakama utaikuta baadaye, kwenye ugomvi wa makampuni yenyewe.

Chukua kesi ya EzeeMoney, kampuni ya huduma za pesa kwa simu, dhidi ya kampuni ya simu ya MTN Uganda, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu, Divisheni ya Biashara, mwaka 2015. Itafute ULII, tovuti ya sheria na hukumu za Uganda, ni bure. Namba yake ni 330 ya 2013: mwaka ulio kwenye namba ni wa kufungua kesi, si wa hukumu, na anayechanganya hiyo miaka hutafuta hadi achoke. Ukiipata, tafuta masuala ambayo mahakama iliombwa kuyaamua. Mbele ya kila suala andika ndiyo au hapana, pamoja na kifungu kilichotumika. Hapa kifungu kikuu ni cha 53 cha Sheria ya Mawasiliano ya 2013, kinachokataza mwendeshaji kuvuruga ushindani, na malalamiko mojawapo yalihusu mawakala wa pesa za simu kuzuiwa kumhudumia mshindani.

Tahadhari na namba za vifungu. Toleo jipya la sheria za Uganda lilianza kutumika Julai 1, 2024 na vifungu vingi vikabadilika namba. Nukuu namba iliyo kwenye hukumu, kisha uilinganishe na toleo la sasa kwa maneno ya kifungu, si kwa tarakimu.

Fidia nazo usizijumlishe tu. Fidia maalumu hudai uthibitisho, kama risiti na hesabu. Ya jumla hukadiriwa na jaji. Ya adhabu hutolewa kwa ubaya wa mwenendo. Wakili wa rufaa hushambulia kila moja kwa njia yake, kwa hiyo tafuta majina ya wenye kesi hao hao Mahakama ya Rufani kabla hujainukuu hukumu popote.