SOMO: Kitanzi cha hereni kisichofunguka (na hesabu ya geji, kwa mara ya mwisho)

Kila wiki ni maswali mawili yale yale: "Mbona hereni zangu zinadondosha shanga?" na "Ninunue waya geji gani?" (geji ni namba ya unene wa waya). Nimeyajibu hapa yote. Ukiniuliza tena bila kusoma, nitakurudisha juu.

VIFAA. Koleo pua duara, koleo bapa lisilo na meno, koleo la kukatia, msasa namba 400 na 600, rula. Koleo la fundi umeme lina meno, na meno yake yatabaki kwenye waya kama mamba ameuonja.

WAYA. Achana na geji, pima kwa milimita. Geji ya Marekani na ile ya Uingereza, inayoandikwa SWG, hazilingani. Namba 20 ya Marekani ni mm 0.81, namba 20 ya SWG ni mm 0.91. Video nyingi mnazotazama ni za Wamarekani, ilhali mafundi wa kusuka mota hapa Nairobi, wanaotuuzia waya, wengi huhesabu kwa SWG. Ukiitisha "ishirini" utarudi nyumbani na waya unaosukuma tundu la sikio. Itisha 21 SWG, hiyo ndiyo mm 0.81.

Na wale mnaochuna kebo za nyumba: ile "1.5" ni milimita mraba, eneo la mkato, si unene. Ikiwa kebo ni ya waya mmoja mzima, unene wake ni karibu mm 1.4. Ni kopa (shaba nyekundu) safi na laini, tengenezeni bangili. Sikioni hapana.

Ndoano ya sikio: mm 0.8. Pini ya kubeba shanga: mm 0.6. Lulu: mm 0.4, maana tundu la lulu mara nyingi halipitishi zaidi.

HATUA

1. Kata waya wa mm 0.6, sm 8 kwa shanga moja ya mm 10. Usiubanie waya hapa. Mkia mfupi haushikiki, na utaumia kidole ukiulazimisha.

2. Kunja ncha ya chini iwe kikonyo kidogo cha kuzuia shanga. Kama una pini za dukani zenye kichwa, ruka hatua hii.

3. Ingiza shanga.

4. Kitanzi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo polepole. Bana waya juu ya shanga kwa koleo bapa, uache mm 2 za shingo. Shingo hiyo si urembo, ni nafasi ya mizunguko. Bila shingo, mzunguko wa kwanza unakaa juu ya shanga, wa pili unaibana, na shanga ya kioo inapasuka ukingo wa tundu. Kunja waya pembe mraba juu ya shingo. Shika kona kwa pua duara, pitisha mkia juu ya pua hadi ushuke upande wa pili, kisha geuza koleo umalizie duara. Sasa shika duara kwa koleo bapa, taratibu, na uzungushe mkia kwenye shingo mara mbili na nusu au tatu, kutoka juu kuelekea shanga, kila mzunguko ukigusa mwenzake. Kata mkia ukielekeza upande bapa wa koleo kwenye kazi, si kwenye taka. Kisha bonyeza ncha ndani kwa pua ya koleo.

Tahadhari za hatua ya 4:
Waya ukipinda vibaya, nyoosha mara moja tu. Ukiukunja na kuunyoosha mara tatu, utakatika. Kama haujakatika mezani, utakatikia kwa mteja.
Ncha isiyobonyezwa hung'oa nyuzi za sweta na nywele. Malalamiko mengi ya "hereni mbovu" ni ncha hii tu.
Kama unaunganisha na mnyororo, mnyororo huingia KABLA ya kuzungusha. Ukishazungusha, dawa ni kukata.
Vipande vya waya huruka. Funika ncha kwa kidole unapokata, hasa kama kuna mtoto chumbani.

5. Ndoano. Sm 5 za waya wa mm 0.8. Jicho dogo mwishoni, kisha kunja waya juu ya kalamu ya biki. Piga mgongo wa upinde kwa nyundo ndogo juu ya chuma bapa, mapigo manne au matano mepesi, ukakamae. Usiponde sehemu inayoingia sikioni.

6. Piga msasa ncha, 400 kisha 600. Ipitishe kwenye soksi ndefu ya nailoni. Ikishika uzi, rudi kwenye msasa.

7. Fungua jicho la ndoano kwa kulisukuma pembeni, kama mlango, tundika kitanzi, lirudishe. Ukilivuta kama unaupanua mdomo, halitarudi duara.

MASWALI

Kijana wa Kayole: Mkuu, ya kuanzia ninunue geji ngapi?
Jibu: Aya ya WAYA.

Dada wa Umoja: Nimefuata yote lakini unakatika shingoni kila mara. Waya nilitoa kwenye mota mbovu.
Jibu: Swali zuri. Kopa ikikunjwa inakakamaa, na ikikakamaa sana inakuwa kama biskuti. Waya wako ulishakunjwa kwenye mota, ukanyooshwa, na sasa unaukunja tena. Waya wa kopa mtupu unaweza kuupasha moto hadi uwe mwekundu hafifu, kisha uuchovye majini, unalainika kama mpya. Lakini waya wa mota una koti la varnishi, na moshi wake ni sumu. Usiuchome ndani ya nyumba, wala jikoni. Nunua mpya.

Mama wa Kasarani: Mbona unasumbua watu na mizunguko mitatu? Mimi napiga duara moja tu na hazijafunguka.
Jibu: Kwa waya gani? Kwa mm 0.8 iliyogongwa na shanga nyepesi, duara moja linatosha, sikatai. Kwa mm 0.6 laini, ikinaswa kwenye kola mara moja imefunguka. Somo ni la mm 0.6.

Dada wa Umoja: Asante kwa hilo la varnishi. Nina mteja anayewashwa masikio. Je, ni kopa?
Jibu: Tofautisha mambo mawili. Rangi ya kijani kwenye ngozi ni kopa na jasho, inaoshwa kwa sabuni. Kuwashwa, kuvimba na kutoa maji, mshukiwa wa kwanza ni nikeli, iliyojaa kwenye ndoano za bei rahisi. Mpe ndoano za fedha 925 (yaani fedha asilimia 92.5) au titani. Brasi (shaba ya njano) ya kuyeyusha mifereji na kufuli ni nzuri kwa kidani, lakini usiifanye ndoano: brasi ya mifereji mara nyingi ina madini ya risasi ndani.

Kaka wa Rongai: Nilituma Mombasa, mteja anasema zimekuwa nyeusi kwa wiki mbili.
Jibu: Hewa ya chumvi na unyevu. Mwambie azifute jasho kila anapovua, azihifadhi kwenye kikopo kinachofunga. Kusafisha: limau na chumvi kidogo, dakika moja, suuza vizuri, kausha.

Mama wa Kasarani: Ongezea kwamba limau lisiguse lulu wala kauri. Asidi inakula ganda, mng'ao haurudi.
Jibu: Kweli kabisa, hilo nililisahau. Na mfupa usiloweke, futa tu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo.

Fundi wa Ngara: Na msifunge kadi za hereni kwa raba. Raba ina salfa, inatia weusi kwenye kopa na fedha hata ndani ya droo.

Kijana wa Kayole: Nimesoma sasa. Hiyo chuma bapa ya kugongea naipata wapi?
Jibu: Karibu. Nenda Kamukunji, uliza mafundi wa masanduku kama wana kipande cha reli. Sm 10 zinatosha. Lakini usilitumie lilivyo: lisugue uso kwa msasa, mwishoni 600, hadi uone kivuli cha kidole chako, kwa sababu kila mkwaruzo wa reli unahamia kwenye ndoano.