Kutunga kibao kirefu cha ala kwa njia ya Focus

Bendi nyingi za Mtwara na Lindi zinaweza kushikilia chemko (sehemu ya kasi ya kucheza) la dakika 10 harusini bila jasho. Mwondoe mwimbaji, hata dakika 3 hazijaisha watu wameanza kupiga soga. Tatizo ni mpangilio, wala si uwezo wa wapigaji. Waholanzi wa bendi ya Focus walilitatua vizuri kuliko wengi, na njia yao inafuatika hata kwa gitaa mbili, kinanda kimoja na dramu za kuazima.

Focus ilianza Amsterdam mwaka 1969: Thijs van Leer kwenye kinanda na filimbi, Martijn Dresden kwenye besi, Hans Cleuver kwenye dramu, na baadaye mwaka huohuo mpiga gitaa Jan Akkerman. Riziki yao ya mwanzo ilikuwa kupiga kwenye maonyesho ya Kiholanzi ya mchezo wa muziki wa Hair, kazi ya kuanza na kukoma kwa ishara. Albamu ya kwanza, ya mwaka 1970, bado ilikuwa na nyimbo kadhaa za kuimbwa. Mwaka 1971, Pierre van der Linden akiwa kwenye dramu na Cyril Havermans kwenye besi, wakatoa Moving Waves, na humo mna kibao cha kujifunzia: Hocus Pocus.

Kisikilizeni mkiwa na karatasi. Kipande kimoja kikali cha gitaa kinarudi tena na tena. Kikiisha, dramu zinaachiwa uwanja kidogo, kisha anaingia mgeni: sauti ya kuruka kutoka kifuani hadi kichwani kama wachungaji wa milima ya Alps, mara filimbi, mara mluzi, mara kodiani. Mgeni hakai. Msikilizaji anakubali kila kioja kwa sababu anajua kile kipande cha gitaa kitarudi.

Tungeni chenu hivi. Kila mkimaliza moja-mbili-tatu-nne, hiyo ni hesabu moja. Kiitikio cha gitaa, yaani kile kipande kinachorudi, kiwe hesabu 4, kipigwe mara mbili, na besi ifuate noti zilezile za gitaa. Dramu peke yake hesabu 2. Mgeni hesabu 8. Kwa mwendo wa mipigo 120 kwa dakika, hesabu moja ni sekunde 2, kwa hiyo mzunguko mzima ni sekunde 36. Mizunguko 5 inawapa dakika 3 kamili, na mkifunga kwa kiitikio mnaongeza sekunde 16. Msianze na dakika 8. Hizo zitakuja zenyewe wageni wakiongezeka.

Zile hesabu 2 za dramu ndipo bendi nyingi zinapovunjika. Mpiga dramu akinogewa anamwagikia kwenye hesabu ya tatu, gitaa linaingia kwa wakati wake, na kiitikio kinageuka kelele. Sababu ni kwamba mguu wake umeacha kuhesabu. Mguu wa kushoto uendelee kufunga haiheti (matoazi mawili ya kanyagio) kwenye pili na nne hata mikono ikifanya nini, na mpiga besi ahesabu kwa kichwa akionekana na wote. Anzeni na mipigo 90, pandeni kwa 5, na msipande kabla ya kupita mara 3 mfululizo bila kugongana.

Kusini tuna utajiri ambao Amsterdam hawakuwa nao. Hesabu hizo 2 zinaweza kupewa ngoma za Sindimba badala ya dramu. Ila karibu na bahari, Shangani au Mikindani, umande wa usiku hulegeza ngozi na mlio unazama chini ya besi. Zikausheni kwa moto muda mfupi kabla ya kupanda jukwaani, wala si jioni mkiwa bado mnafunga spika.

Filimbi ya mwanzi nayo ina mambo yake. Haifungwi wala kulegezwa kama gitaa, na ikipata joto la pumzi sauti inapanda. Mpiga filimbi apulize dakika 5 kwanza, ndipo kinanda kisogezwe kumfuata, kisha gitaa zifuate kinanda. Tumieni sehemu ya kurekebisha sauti kidogo kidogo. Ile ya kuhamisha ufunguo inaruka nusu sauti nzima na haitasaidia. Maiki ikae juu kidogo ya mdomo, pembeni, kama sentimita 10. Ikiwekwa mbele moja kwa moja, pumzi itavuma kuliko filimbi.

Kinanda cha kawaida kinatosha kuigiza ogani ya umeme ya Hammond ya van Leer: chagueni sauti ya ogani, punguzeni mwangwi, mwachieni gitaa nafasi ya katikati. Mkitumia jenereta, jumlisheni wati zilizoandikwa nyuma ya kila chombo, kisha ongezeni nusu. Isipotosha, umeme hushuka besi inapogonga, na kinanda hujizima na kurudi na sauti ya piano katikati ya kibao.

Mkishaiva, nendeni kwenye kibao kirefu. Hamburger Concerto ya mwaka 1974 ni ya dakika kama 20, na msingi wake ni melodia ambayo mtunzi Mjerumani Brahms aliipiga kwa sura nyingi tofauti. Nanyi chukueni melodia moja fupi: ogani iipige polepole, filimbi iirudie juu, kisha solo iichane kwa mwendo mara mbili. Melodia mpya kila dakika humchosha msikilizaji; ileile ikibadilishwa nguo humvuta.

Jiandaeni pia kwa watu kuondoka. Havermans alitoka, akaja Bert Ruiter. Van der Linden alitoka mwaka 1973, akaja Colin Allen. Akkerman mwenyewe alitoka mwaka 1976, nafasi yake akachukua Philip Catherine, na miaka miwili baadaye bendi ikavunjika. Van Leer aliifufua mwaka 2002. Kwetu wapigaji huvutwa na Dar es Salaam, mara nyingi msimu wa korosho ukikaribia na mialiko ikiwa mingi. Kwa hiyo kila mpigaji arekodiwe kwa simu akipiga sehemu yake peke yake, kwa mwendo wa 90, huku akihesabu kwa sauti, na nakala ikae kwa watu wawili.