Jinsi ya kutengeneza jeli ya ukeni inayoua bakteria wabaya na kuwaacha wema

Naandika haya kwa wanafunzi wa famasi wanaonijia wakitafuta mradi wa mwaka wa mwisho, na kwa wafamasia wa hospitali wenye chumba kidogo cha kuchanganyia dawa na hamu ya kukitumia vizuri. Mimi natengeneza krimu na jeli maabara hapa Dar es Salaam, lakini kabla ya hapo nilikaa miaka mingi dirishani kwenye duka la dawa. Pale dirishani nilimsikia mwanamke yule yule, kwa sura tofauti, akiinama na kusema kwa sauti ya chini: "Dada, nipe dawa ya fangasi, imerudi tena." Ukimuuliza taratibu, hana muwasho wala uchafu mweupe wa mabonge. Ana majimaji mepesi ya kijivu, na harufu ya samaki inayozidi baada ya kukutana na mumewe. Hiyo si fangasi bali ni bakteria vajinosisi (bacterial vaginosis), yaani bakteria wa ukeni waliopoteza uwiano, na klotrimazoli, dawa ya fangasi aliyoitumia mara tatu, haikuwa na kazi ya kufanya pale.

Maelekezo haya ni ya maabara. Asiyachukue mtu akachanganye jikoni, na jeli utakayoitengeneza kwenye mradi wako isimguse mwanamke yeyote, hata wewe mwenyewe, mpaka ipite hatua nitakazozitaja mwishoni.

Kwanza mjue unayepambana naye. Uke wenye afya unalindwa na laktobasili, bakteria wema, hasa Lactobacillus crispatus, wanaotengeneza asidi ya laktiki na kushikilia pH, yaani kipimo cha asidi kinachoshuka asidi inapozidi, kati ya 3.8 na 4.5. Wakipungua, wanaingia Gardnerella, Prevotella na wenzao wasiohitaji hewa, pH inapanda, na harufu ile inatokea. Kwa hiyo hapa hatufukuzi mdudu mmoja aliyevamia. Tunarudisha jamii nzima ya bakteria kwenye uwiano wake. Kliniki inathibitisha kwa vigezo vya Amsel vya mwaka 1983: majimaji mepesi, pH iliyozidi 4.5, harufu inayotoka ukiongeza potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, na seli za uke zilizofunikwa na bakteria mpaka kingo zake hazisomeki chini ya hadubini. Vitatu kati ya hivyo vinne vinatosha.

Dawa yenyewe usiibuni. Antibiotiki ya metronidazoli ya asilimia 0.75 inajulikana: gramu 5 za jeli ukeni mara moja kwa siku, siku 5. Piga hesabu: kila dozi ni miligramu 37.5, na kozi nzima haifiki miligramu 200. Anayemeza vidonge vya miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa siku 7 anapata gramu 7 nzima. Ndiyo maana mwenye jeli halalamiki sana kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni. Uzuri mwingine ni kwamba metronidazoli inawapiga wasiohitaji hewa na kuwaacha laktobasili kwa kiasi kikubwa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka, nalo ndilo kiini cha kazi hii: jeli inayobeba dawa. Mwanafunzi ananiletea karatasi yenye dawa imeandikwa kwa wino mzito, na chini yake "jeli, kiasi cha kutosha". Hapana. Mwaka 2000 dunia ilipata matokeo ya jeli ya nonoksinoli-9, iliyotarajiwa kuwakinga wanawake na VVU. Walioitumia waliambukizwa zaidi kuliko wenzao waliopewa jeli ya kulinganishia, kwa sababu kemikali ile ilichubua ngozi laini ya ndani. Tangu hapo, kwangu, kila kiungo kinachoingia ukeni ni dawa, hata kama kazi yake ni kuleta uzito tu.

Kinachopuuzwa kuliko vyote ni osmolaliti, yaani jinsi jeli inavyovuta maji kutoka kwenye seli. Shirika la Afya Duniani, likizungumzia vilainishi, lilishauri isizidi 380 kwa kipimo cha miliosmoli kwa kilo, na likavumilia hadi 1200. Chukua gliserini, ambayo kila mtu anaipenda kwa sababu ni rahisi na inateleza. Asilimia 20 ya gliserini ni gramu 200 kwa kilo. Gawanya kwa 92, uzito wa molekuli yake, kisha zidisha kwa 1000, unapata zaidi ya miliosmoli 2100 kabla hujaongeza kitu kingine. Jeli hiyo itazikausha seli za mwanamke ambaye tayari ana ukuta dhaifu. Ukinijia na gliserini ya namna hiyo nitakurudisha mezani.

Kwa mkorogo wa kujifunzia wa gramu 100 naanza hivi: metronidazoli gramu 0.75, haidroksiethiliselulosi (selulosi ya kuleta uzito) ya mnato mkubwa gramu 2.5, propilini glaikoli gramu 1.5, asidi ya laktiki gramu 0.5, asidi ya sobiki ya kuhifadhi gramu 0.1, sodiamu haidroksaidi ya kurekebisha pH, na maji yaliyosafishwa mpaka mizani isome 100. Jumlisha osmolaliti yake kwa njia ile ile na utaona inakaa karibu na 350. Halafu pima kwa mashine, maana hesabu inakuelekeza tu.

Kwa nini selulosi na si kabomeri, kiungo kingine cha kuleta uzito? Kabomeri inashika vizuri kwenye ute, na jeli nyingi za viwandani zinaitumia. Lakini inahitaji alkali ili ivimbe, na ikikutana na chumvi za majimaji ya mwili inalegea. Haidroksiethiliselulosi haina chaji, kwa hiyo asidi na chumvi haziisumbui. Pia ina historia kwetu: katika utafiti mkubwa wa jeli ya PRO 2000, iliyotarajiwa kukinga VVU, uliohusisha wanawake wa Mwanza, Uganda, Zambia na Afrika Kusini, jeli ya kulinganishia ilikuwa ya selulosi hii hii. Anayeanza, aanze nayo.

Kwenye kuchanganya, mpangilio ndio kila kitu. Metronidazoli inayeyuka kama gramu 1 kwa mililita 100 za maji ya joto la chumba, kwa hiyo 0.75 iko karibu na ukingo. Pasha maji hadi nyuzi 50 au 60, tia metronidazoli na asidi ya sobiki, koroga mpaka maji yawe maangavu kabisa ukiyatazama dhidi ya mwanga, kisha ongeza propilini glaikoli. Funika bikari kwa karatasi ya alumini, kwani dawa hii haipendi mwanga.

Acha ipoe. Hapa wengi wana haraka, wanamwaga selulosi kwenye maji ya moto na kupata madonge kama ya ugali uliosongwa ovyo: nje yamelowa, ndani unga mkavu, na hakuna kukoroga kutakakoyafungua. Maji yakishapoa, weka kikorogeo kwenye kasi inayotengeneza shimo dogo katikati, na nyunyiza selulosi kidogo kidogo kwenye ukingo wa shimo hilo. Maji yakianza kuwa mazito, punguza kasi ili usifungie hewa ndani. Usiyachukulie mapovu kuwa suala la urembo: bomba la kuwekea dawa linapima ujazo, na bomba lililojaa hewa linampa mgonjwa dozi pungufu. Funika, lala, urudi asubuhi. Utakuta jeli imetulia na inapitisha mwanga.

Asidi ya laktiki inaingia mwisho. Ile ya chupa huuzwa nzito, karibu asilimia 90, na ndani yake molekuli zimeshikana mbili mbili au zaidi. Ukiitia moja kwa moja, zinaachana polepole na pH inashuka siku zinavyokwenda, nawe umeshaandika namba kwenye daftari. Ichanganye na maji mapema, ipashe moto, iache ipoe, ndipo uitumie. Kisha dondosha sodiamu haidroksaidi mpaka pH mita isome 4.2. Namba hiyo inafanya kazi mbili. Kwenye 4.2, karibu sehemu nne kati ya tano za asidi ya sobiki iko katika umbo linalozuia vijidudu kuota kwenye tyubu. Kwenye pH 7 haifiki asilimia 1, yaani kihifadhi chako kimelala. Na shahawa na damu ya hedhi zote zinavuta pH ya uke juu, hivyo laktiki hii ndiyo akiba ya kupambana nazo.

Vipimo. Rudia pH kesho yake na wiki ijayo. Pima mnato kwa nyuzi 37, kwanza jeli peke yake, kisha ukiwa umeichanganya na majimaji bandia ya uke. Fomula ya Owen na Katz ya mwaka 1999 inatengenezeka kwa kemikali za kawaida za maabara. Jeli inayosimama vizuri kwenye kijiko lakini ikageuka maji hapo, itamvujia mama kwenye kanga akiwa sokoni, na dawa inayovuja inaachwa siku ya pili. Weka tone moja chini ya hadubini baada ya kuihifadhi mahali pa baridi. Ukiona sindano ndefu za fuwele, dawa imejitenga, na tyubu haifai kwenda kwenye friji. Pima kiasi cha dawa, upimaji wa kuipandikizia vijidudu makusudi usiuache, na iweke kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 kwa muda mrefu, na nyuzi 40 kwa miezi 6. Stoo za vituo vyetu vya afya hazina viyoyozi.

Kipimo ninachokidai kwa kila mwanafunzi ni hiki: weka jeli yako, na jeli tupu isiyo na dawa, kwenye sahani yenye Lactobacillus crispatus waliooteshwa. Jeli tupu ikiacha duara safi pale, kuna kiungo kinachowaua walinzi. Kitafute ukitoe.

Kabla ya kumgusa binadamu yeyote kunahitajika idhini ya kamati ya maadili ya utafiti na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini, na mtu mwenye uzoefu wa majaribio ya dawa ndiye aongoze. Ukifika huko, usiishie kuhesabu waliopona siku ya saba, kwani tatizo hili linarudi kwa zaidi ya nusu ya wanawake ndani ya mwaka. Wafuatilie angalau wiki 12. Waulize kama wanajiosha ndani kwa sabuni, ndimu au dawa ya kuua vijidudu, na uwaeleze kwa upole waache. Waulize pia kuhusu wenzi wao. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba mwanamume naye akitibiwa kwa vidonge vya metronidazoli na krimu ya klindamaisini, tatizo lilirudi kwa asilimia 35 ya wanawake ndani ya wiki 12, dhidi ya 63 pale alipotibiwa mwanamke peke yake. Basi kwenye fomu yako ya ufuatiliaji, tenga safu ya mwenzi tangu mwanzo.