Kuwinda kulungu kwa bastola kubwa: mambo ya kujua kabla hujaingia msituni Ohio

Kila ikifika Novemba naulizwa, hasa na vijana wetu wa Columbus na Dayton, hapa Ohio, Marekani, eti inawezekanaje mtu akawinda kwa bastola, bastola si kitu cha polisi na majambazi? Inawezekana na ni halali kabisa, ila ni kazi ngumu kuliko kuwinda kwa bunduki ndefu, na kama hujajiandaa utamtesa mnyama bure. Mi naandika ya Ohio kwa sababu ndo ninakoishi na ndo ninakowinda, ukiwa jimbo lingine sheria zake ni nyingine, tafuta kitabu cha jimbo lako cha msimu huu ukisome mwenyewe, usitegemee maneno ya rafiki.

Kwanza jina. Naandika kulungu kwa sababu ndo tumezoea kumwita hivyo, lakini huyu si yule kulungu wa kwetu. Wa huku Wamarekani wanamwita whitetail, mkia wake chini ni mweupe pee, akishtuka anaunyanyua kama kitambaa na hapo ujue ameshakuona anaondoka. Dume ana pembe zenye matawi na kila mwaka zinadondoka anaota nyingine, jambo ambalo swala na pongo wetu hawalifanyi.

Sasa karatasi. Kama hujawahi kuwa na leseni ya uwindaji Ohio inabidi upite kozi ya usalama wa uwindaji, ukishapata cheti unanunua leseni, halafu juu yake unanunua kibali cha kulungu, ni vitu viwili tofauti na watu wengi wanakosea hapo. Ukiwinda kwenye shamba la mtu unahitaji ruhusa yake kwa maandishi, uwe nayo mfukoni. Bastola yenyewe lazima mtutu uwe na urefu usiopungua inchi 5, na risasi iwe ya ganda lililonyooka, yaani lisilobana shingoni, kuanzia kaliba (upana wa risasi) .357 kwenda juu, kwa hiyo ile ndogo ya 9mm uliyonayo nyumbani haihusiki. Unavaa kizibao cha rangi ya chungwa ile inayong'aa, hili halina mjadala. Muda wa kupiga ni kuanzia nusu saa kabla jua halijachomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama. Wiki yenyewe ya bunduki huwa inaanza Jumatatu baada ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani ya Alhamisi ya nne ya Novemba.

Na kwa sisi wageni, hapa nataka unisikilize vizuri ndugu yangu. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki silaha, lakini ukiwa na viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida ni marufuku hata kuishika isipokuwa una kigezo maalumu, na mwenye leseni halali ya uwindaji ni mmojawapo wa hao. Asiye na karatasi kabisa asiguse. Usibahatishe, ongea kwanza na wakili wa uhamiaji, pesa utakayomlipa ni ndogo ukilinganisha na kurudishwa. Halafu ujue dukani hawakuuzii bastola kama hujafika miaka 21.

Tuje kwenye bastola. Mi natumia rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, ya .44 Magnum, mtutu inchi saba na nusu. Risasi hii ilitoka katikati ya miaka ya 1950, na mtu aliyeisukuma sana ni Elmer Keith wa Idaho, mwindaji na mwandishi wa mambo ya silaha, alikuwa akijijazia mwenyewe risasi za .44 Special baruti nyingi kupita kawaida mpaka kampuni za Smith & Wesson na Remington wakakubali kutengeneza kitu kipya. Kwa kulungu inatosha na kubaki. .357 inaruhusiwa na inaua, lakini kwa mtu aliyezoea na akiwa karibu sana. Yale makubwa zaidi, .454 Casull au .500 iliyotoka 2003, mi kwa kulungu siyashauri hata kidogo, yanapiga teke mpaka mkono unakufa ganzi na matokeo yake unajifunza kuogopa bastola yako mwenyewe. Risasi chukua ya uzito wa greini 240 yenye ncha laini au yenye tundu iliyotengenezwa kwa uwindaji, si ile ya bei rahisi ya kulengea shabaha.

Usalama ambao watu wa bunduki ndefu hawaujui: kwenye rivolva kuna upenyo kati ya silinda na mtutu, ukifyatua moto na gesi vinatoka hapo pembeni kwa nguvu ya kukukata kidole, kwa hiyo ule mkono wa kushoto usiupeleke mbele kama unashika rifle, mikono yote miwili ibaki kwenye mpini. Na masikio, jamani masikio. Mlio wa .44 mara moja tu bila kuziba unaweza kukuachia mlio kichwani maisha yako yote. Nunua vile vifuniko vya umeme ambavyo vinakuacha usikie majani yakichakaa lakini vinakata mlio mkubwa, hata porini vaa.

Sasa mazoezi, na hapa ndo pa kukaa sana kwa sababu hapa ndo uwindaji wenyewe ulipo. Anza miezi mitatu minne kabla, tumia .44 Special kwanza, inaingia kwenye bastola ileile na teke lake ni dogo, mkono ukizoea ndo uchanganye na zile kali. Vuta nyundo nyuma kwa kidole gumba kwanza halafu ndo uguse triga, hivyo triga inakuwa nyepesi. Halafu fanya zoezi hili: mpe mwenzio akujazie silinda, tundu nyingine aweke risasi nzima nyingine aweke ganda lililokwisha kupigwa, wewe usijue ipi ni ipi. Mi mara ya kwanza nilijiona fundi, nyundo ikaanguka tik, hakuna mlio, na tukaona wote mtutu umeinama chini kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Ule ndo woga, mkono unasubiri teke kabla teke halijaja, na ndo unaopeleka risasi kwenye tumbo la mnyama badala ya mapafu. Rudia zoezi hilo mpaka tik ikitokea mtutu umetulia tuli. Kwa mimi ilichukua kiangazi kizima, siku za Jumamosi, risasi ishirini tu kwa siku kwa sababu ukizidisha mkono unachoka unaanza kujifunza makosa.

Umbali wako unaujuaje? Chukua sahani za karatasi za inchi 6, ziweke yadi 25, kaa kama utakavyokaa porini, usiegemee meza, piga risasi sita. Zote sita zimeingia? Sogea yadi 35, halafu 50. Pale ambapo hata moja imetoka nje ya sahani, umbali wako ni ule wa kabla yake. Basi. Haijalishi bastola inaweza kufika wapi au jamaa wa dukani kasema nini. Wangu ni yadi 50 nikiwa na fimbo za kuegemea, bila fimbo ni 35. Mwaka wangu wa pili nilimpiga jike kwa kama yadi 80 kwa sababu alisimama vizuri na nikawa na tamaa, nilifuata damu mpaka usiku na kesho yake asubuhi tena, sikumpata. Mpaka leo nikipita ule mto mdogo namkumbuka. Tangu siku hiyo nikifika kwenye ulingo kitu cha kwanza napima umbali wa miti kwa kile kipimo cha leza, nachagua mti fulani huku na jiwe fulani kule, nje ya hapo kulungu akipita hata awe na pembe kama za picha namwacha apite.

Siku yenyewe ingia giza, kaa upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwako, pua zao zinakushinda mbali sana. Ukipanda ulingo juu ya mti jifunge mkanda wa usalama tangu mguu wa kwanza unapotoka ardhini, na bastola ipandishe kwa kamba baadaye ikiwa tupu. Kulungu akija usinyanyue mkono akiwa anakutazama, subiri kichwa kipite nyuma ya mti au ainame kula, ndo unyanyue na uvute nyundo taratibu. Unataka akupe ubavu, au awe amekupa mgongo kidogo kwa pembeni. Lenga nyuma ya bega, theluthi ya chini ya kifua, hapo ndo moyo na mapafu. Akikutazama uso kwa uso au amekupa makalio, acha. Na angalia nyuma yake kuna nini, risasi hii inaweza kumpita ikaendelea. Mi ni Muislamu, nasema Bismillahi, Allahu Akbar, halafu navuta.

Ukishapiga usikimbilie. Weka macho pale aliposimama na pale ulipomwona mwisho, kaa nusu saa. Kulungu aliyepigwa mapafu vizuri anaweza kukimbia yadi mia ndo aanguke, ukimfukuza mapema anapata nguvu ya uoga na unampoteza. Halafu nenda ukasome damu: nyekundu mpauko yenye povu ni mapafu, utamkuta karibu, ya kiza kama damu ya ini subiri saa kadhaa, na ukiona majimaji ya kijani yenye harufu umepiga tumbo, rudi nyuma kimyakimya usubiri nusu siku. Ukimkuta mkaribie kwa nyuma, mguse jicho kwa kijiti kirefu, lisipopepesa ndo ameisha.

Andika lebo yako hapohapo, jina, tarehe, saa na kaunti, umfunge nayo kabla hujamsogeza, na umsajili kwenye programu ya simu ya idara ya wanyamapori kabla ya saa sita mchana ya siku inayofuata. Toa matumbo mapema, fungua ngozi kwa kisu kidogo huku makali yakitazama juu usitoboe utumbo wala kibofu, nyama inahitaji kupoa haraka hata kama kuna baridi.

Jambo la mwisho ni ugonjwa wa CWD (chronic wasting disease), unaokula ubongo wa hawa wanyama. Kwa kulungu wa porini Ohio uligunduliwa kaunti ya Wyandot mwishoni mwa 2020, na maeneo yale, pamoja na Hardin na Marion, yana taratibu zake za vipimo. Haijathibitishwa kwamba unaambukiza binadamu lakini ubongo na uti wa mgongo mi sigusi, supu ya kichwa tuliyozoea nyumbani kwa huyu sahau, na akitoka maeneo hayo nyama inakaa friza mpaka majibu yarudi. Na ini, nalila kabla ya majibu? Hapana, nalo linasubiri. Yakirudi safi natoa vyote pamoja, ini nalikaanga na kitunguu na ndimu, paja nalilaza usiku kucha kwenye tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi kwa sababu nyama yake haina mafuta, kesho yake mishkaki.